MANIFOLDI HAIBANDIKWI, HUBADILISHWA

Ndugu wanachama, na wafanya kazi wote mnaosoma karatasi hii,

Nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo lililotokea Homa Bay, na ambalo hutokea pia Mbita, Sindo, Karungu na Muhuru Bay, ila hakuna anayeliandika. Jambo lenyewe ni dogo kwa umbo. Ni kipande cha chuma kinachofungwa kwa boliti ubavuni mwa injini ya chombo. Lakini kwa ajili ya kipande hicho kijana mmoja amefukuzwa kazi, amekatwa fedha zake, na ameitwa mharibifu mbele ya watu. Nasema amedhulumiwa. Na nasema tena, bila kuogopa, kwamba sisi mafundi wenyewe tumesaidia kumdhulumu.

Wengine mtauliza: Huyu ni mtu wa reli, anatafuta nini majini? Nawajibu kwamba reli na ziwa hili ni ndugu wa tumbo moja. Meli William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijafika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watu wa reli ndio walioendesha treni na meli pia, na gati za Kendu Bay na Homa Bay zilikuwa ndani ya kazi yao. Meli MV Uhuru, iliyoanza kazi katika miaka ya 1960, ilibeba mabehewa mazima ya treni. Ilikaa bila kazi miaka mingi, lakini mwaka 2019 ilirudishwa majini. Chuma kikitunzwa huzeeka na heshima yake. Basi mtu wa reli akisema neno juu ya injini ya chombo, asiambiwe amevuka mpaka.

NI KITU GANI HIKI?

Kwa ndugu ambao si mafundi, nieleze kwanza. Manifoldi ya ekzosi ni mkono wa chuma cha kusubu unaokusanya moshi wa silinda zote na kuutoa kwa bomba moja. Katika lori mkono huu hupigwa na upepo wa barabarani. Katika mashua yenye injini ya kuning'inia nyuma, hiyo wanayotumia wavuvi wengi, shida yake ni nyingine. Lakini katika chombo chenye injini ya ndani, injini imefungiwa chini ya sakafu, hakuna upepo, na kando yake ziko mbao, nyaya na tangi la dizeli. Kwa hiyo mkono huu umetengenezwa wenye kuta mbili, kama mtu aliyevaa koti. Ndani unapita moshi wa moto mkali, na katikati ya kuta mbili yanapita maji ya kuupoza. Kule mwisho, kwenye kiwiko, maji na moshi huchanganyika na kutoka pamoja nje ya chombo.

Fikirini hapo, ndugu. Moto na maji wanakaa nyumba moja, na kinachowatenga ni ukuta wa chuma mwembamba kuliko kidole. Ukuta huo ukipasuka kwa nje, maji humwagika chini ya sakafu, au moshi hutoka na kujaa chombo. Katika moshi huo imo hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Abiria husinzia akidhani ni uchovu wa safari, kumbe anakufa. Ukuta ukipasuka kwa ndani, maji huteremka polepole usiku, wakati injini imelala, yakaingia ndani ya silinda. Asubuhi dereva anapiga stata. Pistoni inapanda na kukuta maji. Hewa hubanwa, lakini maji hayabanwi. Basi kinachopinda ni mkono wa pistoni, na injini imekwisha.

Hayo si mafumbo. Kila fundi wa chombo anayajua. Na tajiri wa chombo naye anayajua, kwa sababu tumemwambia.

YALIYOTOKEA

Chombo chenyewe ni cha abiria. Jina lake na la mwenyewe sitalitaja, kwa kuwa shida yangu si mtu mmoja bali desturi. Injini yake ni ya dizeli, silinda nane, nne upande huu na nne upande ule, kwa hiyo ina manifoldi mbili. Kijana aliyeitunza alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, na alikuwa ameifanya kazi hiyo zaidi ya mwaka mmoja mfululizo.

Kijana aliona dalili. Moshi ulitoka mweupe kama mvuke hata injini ilipokwisha kupata moto. Oili kwenye kijiti cha kupimia ilianza kufanana na chai ya maziwa. Asubuhi injini ilikataa kuzunguka vizuri. Akafungua, akaona kutu ndani ya tundu la moshi la silinda mbili za upande wa kushoto. Akaenda kwa msimamizi, akasema: Manifoldi ya kushoto ina ufa, na ya kulia ni ya umri huo huo. Tubadilishe zote mbili, na gasketi mpya.

Akajibiwa: "Wiki hii ni ya watu wengi, chombo hakilali. Kibandike."

Akakibandika. Alichomelea huko chini ya sakafu, karibu na dizeli, bila kizima moto, akiwa na saa mbili tu za kumaliza kazi yote. Gasketi akarudisha ile ile ya zamani, kwa sababu mpya hakupewa. Jioni chombo kikaondoka, na msimamizi akamsifu.

Siku ya nane, wakiwa mbali kidogo na nchi kavu, gugumaji likaziba mahali pa kuvutia maji. Injini ikakauka maji, manifoldi ikawaka moto. Gugu lilipoachia, maji baridi yakaingia ghafla juu ya chuma kilicho moto. Mlio ukasikika. Chombo kikazimika, abiria wakakaa majini muda mrefu mpaka mashua za wavuvi zikaja kuwavuta. Namshukuru Mungu kwamba ziwa lilikuwa limetulia na hakuna aliyekufa. Kesho yake mtu mwingine, si kijana huyu, akapiga stata bila kuuliza wala kufungua. Mkono wa pistoni ukapinda.

Lawama zilimwendea nani? Kijana. Aliambiwa: Ulichomelea vibaya, umetuharibia injini. Fedha zake za mwezi zikazuiwa zote, na akaambiwa bado anadaiwa.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikaitwa nisaidie kuifungua. Nimeona kwa macho yangu. Mshono wa kijana ulikuwa mzima! Ufa ulikuwa kando ya mshono, upana wa kidole kimoja, katika chuma ambacho hakukigusa. Na hivyo ndivyo chuma cha kusubu kilivyo. Ukikipa moto mkali mahali pamoja na kukiacha kipoe haraka, hukakamaa na kuvunjika jirani ya pale ulipokitia dawa. Kuchomelea chuma cha namna hiyo kwataka kipande chote kipashwe moto polepole, na kipozwe polepole, kikiwa nje juu ya meza ya kazi. Ndani ya chombo, kwa saa mbili, haiwezekani. Kijana alihukumiwa kwa kosa la amri, si kosa la mkono.

MANENO YA MATAJIRI, NA MAJIBU YAKE

Nilipomwambia mwenye chombo hayo, alinipa hoja zake. Nimezisikia kwingine pia, kwa hiyo nazijibu moja moja.

Neno la kwanza: "Hili ni ziwa, maji yake si ya chumvi. Manifoldi za Mombasa ndizo zinazokufa, za hapa hazifi." Hiyo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo mtupu. Ni kweli chumvi ya bahari hula chuma upesi zaidi. Lakini kutu haihitaji chumvi, yahitaji maji na hewa tu, na joto likiongezeka kazi yake huenda mbio. Tena ziwa letu lina maadui wake. Ghuba ya Winam, ilipo Homa Bay, ni ya maji mafupi na matope. Matope huingia ndani ya koti la manifoldi na kutulia chini. Pale yalipotulia maji hayapiti, na chuma cha pale huungua peke yake. Juu yake liko gugumaji, ambalo limetusumbua tangu miaka ya 1990, na ambalo huziba chujio katika dakika moja. Huku upande wa Migori, Karungu na Muhuru Bay, ziwa liko wazi. Gugu si shida kubwa kama Homa Bay, lakini wimbi ni kubwa, injini hutikisika, boliti hulegea, na ukizimikiwa huko unasukumwa na upepo, hakuna ghuba ya kukukinga. Kwa hiyo mtu asitudanganye na neno la maji matamu.

Neno la pili: "Badilisha moja iliyopasuka, nyingine ni nzima." Nani amejua kwamba ni nzima? Zote mbili zilifungwa siku moja, zimekunywa maji mamoja, zimekula moto mmoja. Nasema zibadilishwe zote mbili. Na kama kweli fedha haziko, basi hiyo ya pili ifunguliwe, isafishwe, ipimwe kwa maji na presha ndogo, na matokeo yaandikwe. Kusema ni nzima kwa kuitazama rangi yake si kupima.

Neno la tatu: "Asiyeziba ufa atajenga ukuta." Mzee huyu alicheka aliponipiga na methali hiyo, akidhani amenimaliza. Nikamjibu: Jaduong', methali hiyo ni ya ukuta wa udongo. Udongo ukiuziba unashikana, unakuwa mmoja. Hata Injili yatufundisha kwamba kiraka kipya juu ya vazi kuukuu huzidisha kupasuka. Ukuta wako, Jaduong', ni injini nzima. Ukitaka usiijenge upya, badilisha manifoldi leo.

Neno la nne: "Ni ghali." Hapa ndipo penye roho ya maneno yote. Ni kweli manifoldi si karanga. Lakini tupige hesabu ya duka. Weka upande mmoja bei ya manifoldi mbili, gasketi, boliti, mipira ya maji, na siku mbili au tatu za chombo kulala. Weka upande wa pili mikono ya pistoni, pistoni, beringi, oili, gasketi ya silinda hedi, siku za kungoja vipuri kutoka Nairobi au Mombasa, na abiria waliokwisha kuhamia chombo cha jirani. Huyu bwana chombo chake kililala siku kumi na moja. Aliyekataa kulala siku tatu alilala kumi na moja. Halafu akatafuta mtu wa kumlipia, akamwona kibarua.

KAZI YENYEWE JINSI IPASAVYO

Sasa naieleza kazi, ili msimamizi asiseme tena kwamba ni ya saa mbili, na ili kijana akiambiwa aharakishe awe na la kujibu.

Kwanza injini ipoe kabisa. Betri itolewe waya. Koki ya kuingiza maji ya ziwa ifungwe, na maji yote yamwagwe. Fundi asiyefunga koki anaweza kuzamisha chombo kikiwa kimefungwa gatini.

Pili, boliti zilale na mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha. Asubuhi ukizifungua usizilazimishe. Zungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Boliti ikikatikia ndani ya silinda hedi, kuitoa kwa kutoboa ni kazi ya nusu siku, na hapo ndipo haraka ya msimamizi inapomgharimu mwenyewe.

Tatu, uzito. Manifoldi yenye koti la maji ni nzito, na fundi yuko amejikunja chini ya sakafu, hana mahali pa kuweka miguu. Mtu mmoja asiitoe. Ama watu wawili, ama kapi na mnyororo. Tuna wenzetu wengi ambao migongo yao imekwisha kabla ya miaka arobaini, na hakuna aliyewaandikia kwamba waliumia kazini.

Nne, ikitoka tu, ziba matundu ya moshi kwa vitambaa safi, na uvihesabu. Nati moja ikianguka humo ni msiba mwingine. Tazama kila tundu. Kavu na jeusi ni afya. Jekundu kwa kutu ni maji yameingia, na hapo usifunge chochote mpaka umetoa nozeli, umezungusha injini kwa mkono, maji yametoka, na oili imemwagwa.

Tano, manifoldi inayokuja, hata kama imeitwa mpya, ichunguzwe. Sokoni zinauzwa kuukuu zilizopakwa rangi, na rangi haizibi ufa bali huuficha. Mama zetu wakinunua chungu hukigonga kwanza na kusikiliza. Nawe ining'inize, igonge kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa hulia kama gunzi. Kisha ipime kwa maji, kwa presha ndogo. Weka rula ya chuma juu ya uso wake uone kama umenyooka. Uso uliopinda hauponi kwa kukaza boliti. Upelekwe kwa mashine.

Sita, gasketi MPYA. Ile ya zamani imekwisha kubanwa na kuungua, haina tena unene wa kuziba. Kuirudisha ili kuokoa fedha kidogo ni kuiba mchana.

Saba, kaza boliti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu mbili au tatu, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Usitumie bomba refu na nguvu za kifua. Mipira ya maji iliyokauka ibadilishwe, klipu zikazwe, chujio lisafishwe, na lile gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji litazamwe. Pampu ikiwa dhaifu manifoldi mpya itaungua kama ya zamani.

Nane, washa injini chombo kikiwa gatini. Tazama maji yanatoka nyuma kwa wingi. Tazama kila maungio. Injini ikipata moto kisha ikapoa, angalia tena boliti kama kitabu kinavyosema, na tazama oili. Hapo tu ndipo chombo kipakie watu.

Neno moja zaidi juu ya vyombo vya zamani. Mabomba ya ekzosi yasiyo na koti la maji hufungwa kitambaa cha kuzuia joto, na kanuni za kimataifa za meli kubwa zinataka kila mahali panapoweza kufika digrii 220 pafunikwe, ili mafuta yakiruka yasiwake. Hilo ni jema. Lakini kwenye vyombo vikuukuu kitambaa hicho chaweza kuwa cha asbesto. Usikichane kwa mikono wala kupuliza vumbi lake. Vumbi la asbesto huingia mapafuni leo, na kukuua baada ya miaka mingi, wakati tajiri wako amekwisha kukusahau.

NA SISI JE?

Nimesema tumesaidia kumdhulumu kijana yule, nami sikimbii neno langu.

Sisi mafundi tuna ugonjwa wa sifa. Akija tajiri akatuambia, "Wewe ni daktari wa vyuma, hakuna kinachokushinda," kichwa kinavimba. Tunafunga mpira kwa waya. Tunakata gasketi kwa boksi la karatasi. Tunaziba ufa kwa gundi ya chuma na kusema, "Itafika." Na inafika, mara moja, mara mbili. Kisha tajiri huizoea, akaifanya sheria. Mwenzetu akisema, "Hii haifai kubandikwa," anaambiwa, "Fulani wa Mbita aliibandika, wewe ni mvivu." Hivyo ubingwa wa mmoja wetu umekuwa fimbo ya kumpigia mwingine.

Sisemi ubunifu ni dhambi. Chombo kikizimika katikati ya maji, funga hata kwa kitenge ufike nchi kavu. Hiyo ni kuokoa roho. Lakini ukifika gatini, dawa ya njiani iishie hapo. Kuirudisha majini na watu sitini juu yake si ufundi, ni kucheza bahati nasibu kwa roho za watu wengine.

Reli imetufundisha jambo moja ambalo vyombo vidogo havina. Dereva wa treni akiona kasoro huiandika katika kitabu. Fundi aliyeitengeneza huandika alichofanya na kutia sahihi. Basi ikiharibika, kitabu kinasema nani alisema nini, siku gani, na nani alikataa. Kijana wa Homa Bay angekuwa na ukurasa mmoja tu wenye maneno haya, "Nimeomba manifoldi mbili na gasketi, nimeambiwa nibandike," leo angekuwa kazini. Hakuwa nao. Ilikuwa maneno ya kibarua dhidi ya maneno ya tajiri, nanyi mnajua mizani hiyo hulalia wapi.

Tukumbuke Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, vyombo hivi hivi vinapita mbele yake. Kabla ya kuwa mkubwa wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya mwaka 1953, alikuwa mkaguzi wa afya wa mji wa Nairobi, na kazi ya mkaguzi ni kutazama na kuandika. Nasi tujifunze kuandika.

SHERIA IKO, WATU HAWAIJUI

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mwajiri anaweza kumkata mfanya kazi kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa tu mfanya kazi ameiharibu kwa makusudi, na kwa kiasi cha haki. Aliyetii amri ya msimamizi hakuharibu kwa makusudi. Na makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kuzuia fedha zote za mwezi ni kuvunja sheria mara mbili.

Sheria hiyo hiyo yasema kibarua aliyefanya kazi siku za kufuatana zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kama mfanya kazi wa mwezi. Na kabla mtu hajafukuzwa kwa kosa la kazini ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mjumbe wa chama, naye asikilizwe. Kijana huyu aliambiwa, "Usije kesho." Basi.

Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Sheria hiyo yataka kamati ya usalama mahali penye watu ishirini au zaidi. Chombo kidogo hakifiki watu ishirini, ndiyo maana mafundi wake wako peke yao kama vifaranga bila mama. Hapo ndipo chama kinapotakiwa.

TUNALOTAKA

1. Kila chombo cha abiria kiwe na daftari la matengenezo. Kasoro iandikwe na aliyeiona, jibu liandikwe na aliyelitoa, na wote wawili watie sahihi.

2. Manifoldi ya chombo cha abiria isibandikwe. Ibadilishwe, na gasketi mpya, na ya pili ibadilishwe au ipimwe.

3. Fundi apewe muda, mwenzake wa kumsaidia, kapi, taa, na kizima moto. Bila hivyo kazi ya kuchomelea chini ya sakafu isifanywe.

4. Mfanya kazi asikatwe hata senti moja kwa kuharibika kwa chombo mpaka daftari lifunguliwe mbele ya mjumbe wa wafanya kazi.

5. Wakaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya wakija kutazama majaketi ya kuokolea watu, waombe pia kuona daftari hilo.

6. Chama chetu kiwafungulie mlango mafundi wa vyombo wa Homa Bay na Migori. Wasiachwe mmoja mmoja. Kama kuna katiba au kanuni inayotuzuia, halmashauri ituambie wazi, nasi tuwasaidie kupata chama kinachowafaa.

Ndugu, najua wako watakaosema kwamba fundi akikataa kubandika, kesho ataitwa mwingine atakayekubali. Ni kweli, ikiwa anakataa peke yake. Lakini kutoka Kendu Bay mpaka Muhuru Bay mafundi wa injini za ndani hawajai hata kanisa dogo. Wanajuana kwa majina. Wakipatana neno moja tu, HAKUNA SAHIHI, HAKUNA KUBANDIKA, huyo mwingine atatoka wapi?

Kijana yule sasa anavua omena usiku. Ni fundi mzuri, na mshono wake nimeuona, ulishika. Jumamosi ijayo baada ya mshahara mimi na wenzangu wawili tutakwenda naye kwa afisa wa kazi, tukiwa na manifoldi yenyewe ndani ya gunia, ili afisa auone ufa uko wapi. Mwanachama anayetaka kuja nasi na aje. Anayeweza kuchangia nauli na achangie.

Umoja ni nguvu.

Mimi ndugu yenu katika kazi,
FUNDI WA RELI